Begi Nililompokea Sefu

Haya ninayokusimulia yamenipata mimi mwenyewe. Hayakumpata binamu wa jirani, wala sikuyasikia kijiweni. Najua unavyofikiri. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo: mtu akianza habari za mauzauza, namwangalia usoni kwa heshima huku kichwani najiuliza jioni tunakula nini. Basi nisikilize hivyo hivyo, sina ugomvi na wewe. Ila fika mwisho, maana mwishoni kuna jambo linalokuhusu, na kama lisingekuhusu ningekaa kimya na shingo yangu inayouma.

Tena nikuambie mapema, haikuwa usiku. Watu wanapenda visa vya namna hii viwe na giza na umeme uliokatika. Mimi yalinikuta Jumapili asubuhi, jua limeshatoka, Kariakoo, kwenye mtaa ambao siku za kazi hupiti bila kukanyagwa. Na ukiniuliza mimi, mchana ni mbaya zaidi. Usiku angalau mtu anakuwa na tahadhari.

Mimi ni mpiga picha. Jumamosi napiga harusi, mahafali, ubarikio, chochote kinacholeta mkate mezani. Siku zinazobaki napiga ninachokipenda: majumba ya zamani, magofu, wanyama, mabonde yakiwa bado na ukungu. Zainabu, mke wangu, huwaambia mashoga zake kwamba ameolewa uke wenza, na mwenzake anatumia betri. Tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, chumba na sebule, na dirisha letu linatazama ukuta wa ghorofa lingine. Labda ndiyo maana napenda picha za mbali.

Sefu ndiye aliyenishikisha kamera kwa mara ya kwanza. Tumekua pamoja, tumekula sahani moja, na lenzi yetu ya kuvuta vitu vya mbali tuliinunua kwa kuchangiana tukawa tunaitumia kwa zamu. Tumelala kwenye gari Mikumi tukisubiri tembo waje kunywa maji, halafu tembo walipokuja, Sefu alikuwa anakoroma na mimi nikashindwa kumwamsha kwa kucheka. Mtu wa namna hiyo humwiti rafiki. Unamwita ndugu, na unapomwita hivyo hufikirii mara mbili.

Tulikuwa na safari moja tuliyoipanga kwa miaka: kusini. Kilwa, Lindi, mpaka Mikindani. Mama yangu alizaliwa Mikindani, kwenye nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, akaja Dar akiwa mwali na hakurudi tena mpaka alipofariki. Nyumba bado ipo, paa limeanguka, kuta zinamomonyoka kila masika. Nilitaka kuipiga picha kabla haijaisha. Katika kazi yangu yote hilo ndilo nililolitaka kuliko mengine, na Sefu alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa, kuna kipindi Sefu alibadilika. Alianza kutembea ameinama. Mtu mrefu yule, akawa anaangalia vidole vya miguu yake. Nikimuuliza, ananiambia mgongo. Picha za wanyama aliacha, harusi akaacha, akawa anaishi kwa kurekebisha kamera za wenzake. Safari ya kusini nikiitaja, anabadilisha mazungumzo. Na akija kwetu, mara chache hizo alizokuja, kulikuwa na kituko kimoja ambacho Zainabu hakukipenda hata kidogo.

Alikuwa hataki kupokewa begi.

Wewe unajua ilivyo. Kwa sisi tuliolelewa uswahilini, mtu akitokea na mzigo huulizi umebeba nini. Unasimama, unakwenda hatua mbili mbele, unanyoosha mikono, unasema lete nikupokee. Mgeni hajafika mpaka mzigo wake umepokewa. Mama yangu alikuwa akinifinya mgongoni mtu akiingia na mimi nimekaa nimeduwaa. Sasa Zainabu anamwendea Sefu mlangoni, mikono mbele, na Sefu anaruka nyuma, begi amelikumbatia.

"Acha, shemeji! Acha kabisa!"

"He! Kwani humo una nini, shemeji? Dhahabu?"

"Ni zito tu, shemeji. Niache nalo."

Akishaondoka, Zainabu ananung'unika mpaka vyombo vinakwisha kuoshwa. Mgeni gani anakataa kupokewa, anatuona sisi wezi? Na mimi namtetea ndugu yangu. Namwambia, mke wangu, humo kuna lenzi, mtu akiziangusha ni msiba. Nilimtetea hivyo kwa muda wote ule, wala sikujua namtetea kwa jambo gani. Baadaye nimeelewa kwamba siku zile alikuwa anatuhurumia. Nalisema hili kwa sababu nataka nimtendee haki, ingawa yeye hakunitendea.

Basi, Ijumaa moja simu ikaita. Sefu. Sauti imechangamka kama ya zamani.

"Mwanangu, upo? Kuna nyumba huku nyuma ya soko wanaivunja wiki ijayo. Ya zamani kweli, mlango wa nakshi, boriti za mkoko. Mwenyewe karuhusu tuipige. Njoo Jumapili asubuhi kabla watu hawajajaa."

"Tunaenda wote?"

"Wote, kama zamani. Halafu tuongee habari za kusini."

Niamini, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Jumamosi usiku nilisafisha kamera, nikachaji betri zote. Zainabu akanitania, leo mwenzangu kakumbukwa, atalala na viatu. Nililala vizuri sana. Ni usingizi wa mwisho niliolala nikiwa mwepesi.

Jumapili nikafika mimi kwanza. Mitaa ile ikiwa imefungwa ni kama nyumba ya watu wenye kelele waliosafiri. Milango ya chuma ya fremu za maduka imeshushwa, maboksi matupu yamerundikwa pembeni, paka wanapita katikati ya barabara kwa raha zao. Mlinzi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa kahawa. Nikamsalimia, nikamwambia tumeruhusiwa kupiga picha nyumba ile, akasema poa.

Nyumba ilikuwa imebanwa kati ya maghorofa mawili ya vioo, bati limeota kutu, baraza limepasuka. Lakini mlango! Fundi aliyechonga ule mlango hakuwa na haraka na maisha. Jua lilikuwa linaupiga kwa ubavu, kila ua lina kivuli chake. Nikapiga picha kadhaa, nikazitazama kwenye kioo cha kamera. Safi. Mlango, baraza, bati, hakuna mtu. Nakuomba uzikumbuke picha hizo, maana ndizo picha safi za mwisho kupigwa na mkono wangu.

Nikainua macho, nikamwona Sefu anatokea mwisho wa mtaa. Ameinama kuliko nilivyomwona mara ya mwisho. Begi lake jeusi liko begani. Nyuma yake, hatua chache, anakuja mbeba mizigo.

Hilo halikunishtua, na wewe lisingekushtua. Kariakoo bila wabeba mizigo ni Kariakoo gani? Wazee wanasema hata jina lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi waliokokotwa kwenye vita vya Wazungu, watu waliobeba mpaka wakafia njiani. Nikadhani Sefu kamkodi mtu ambebee vifaa. Alikuwa mfupi, amevaa kaptula ya kaki iliyopauka, miguu mitupu. Kichwani kaweka ngata ya kitambaa na juu ya ngata sanduku la mbao lililofungwa kamba ya katani. Anatazama mbele tu, shingo imenyooka, kama wanavyotazama wote wanaobeba kichwani. Ila kitu kimoja nilikiona nikakipuuza. Sanduku lile lilikuwa kubwa, na jamaa hakuwa na jasho.

Mimi nikamwendea Sefu, hatua mbili mbele, mikono nimeinyoosha. Hapo hakuna kufikiri. Mikono inakwenda yenyewe.

"Sefu! Lete nikupokee, kaka."

Akasimama. Hakuruka nyuma. Akaniangalia usoni.

"Umesema?"

"Nimesema lete nikupokee. Mbona unanitolea macho?"

"Rudia tena."

Nikacheka. Unaona? Nikacheka. Nikadhani ndugu yangu karudi na utani wake. Nikamwambia, "Lete nikupokee, au unataka nipige magoti kabisa?"

Akavua mkanda begani, taratibu, akanikabidhi begi kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyomkabidhi mwenzake mtoto. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikadhani ni jua.

Begi lilikuwa jepesi. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kwamba ni jepesi hivyo. Na wakati bado nashangaa, uzito ukanishukia, lakini haukuja mkononi. Ulikuja utosini. Shingo ikazama kati ya mabega, nikasikia kitu ndani ya mgongo wangu kinakaa, kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama sana. Nilitaka kupiga kelele pumzi ikakataa.

Mbele yangu Sefu alikuwa ananyooka. Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Mgongo wake ulikuwa unapanda, mifupa inalia, mpaka akanipita kimo. Nilikuwa nimeshasahau kwamba Sefu ni mrefu kuliko mimi.

Yule mbeba mizigo akampita Sefu bila kumtazama. Akanipita na mimi. Akasimama nyuma yangu, karibu kabisa, na akauliza kwa adabu, Kiswahili cha watu wa kale:

"Bwana, tunatua wapi?"

Nikamwambia Sefu kwa shida, "Huyu mtu wako anauliza tunatua wapi. Mjibu basi."

Sefu akafunga macho. "Unamwona?"

"Kwani mimi kipofu?"

"Alhamdulillahi," akasema. Halafu akajiziba mdomo, kama mtu aliyetapika mbele za watu. Akaanza kurudi kinyumenyume. "Nisamehe, ndugu yangu. Begi libaki kwako, na kamera, na vyote. Nisamehe." Akageuka akakimbia. Mtu aliyekuwa anapumzika kila ghorofa akipanda ngazi zetu, akakimbia mtaa mzima, na nyayo zake nilizisikia mpaka alipokata kona.

Nikabaki nimesimama na mabegi mawili na kitu ambacho sikuwa na jina lake. Mlinzi akaniita, "Kaka, uko sawa? Mwenzako kaondoka, mbona bado unaongea?" Sikujua kwamba nilikuwa naongea. Nilikuwa namwambia yule mtu atue, atue popote anapotaka, na yeye anageuza macho huku na huku kama anayetafuta mahali, halafu ananiuliza tena, bwana, tunatua wapi?

Nikainua kamera. Sijui kwa nini, nadhani ni mazoea ya mkono, kazi yangu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kushika. Nikapiga ule mlango. Yeye alikuwa nyuma yangu, nakuapia, pumzi zake nazisikia sikioni. Nikatazama kioo cha kamera, na yeye yuko mlangoni. Amesimama katikati ya picha, sanduku kichwani, ananitazama mimi. Nikamwonyesha mlinzi. Mlinzi akaangalia kioo, akaangalia mlango, akaangalia kioo tena. Alibeba kiti chake akaingia kibandani, akafunga mlango, na kahawa yake akaiacha nje.

Tangu siku hiyo yumo. Kwa macho namwona mimi peke yangu, ila kwenye picha anaonwa na kila mtu. Nilijipa moyo kwamba labda ni kamera, nikabadilisha kamera. Nikaazima simu ya Zainabu. Yumo. Nikaenda kupiga ndege kule Jangwani maji yalipokuwa yamejaa, ndege mmoja mzuri mweupe yuko pembeni na mtu na sanduku yuko katikati. Halafu ikaja harusi ya Magomeni. Sikuweza kuikataa, familia ile wananijua. Niliwapiga picha usiku kucha, na katika kila picha, kati ya bibi na bwana harusi, amesimama mtu wa kaptula ya kaki. Shangazi wa bibi harusi alinijia mpaka nyumbani na albamu.

"Huyu mbeba mizigo kaalikwa na nani?" akaniuliza. "Kamkalia mtoto wetu harusi nzima, na wewe unapiga tu! Umerogwa au umelewa?"

Unamjibu nini mtu kama huyo? Habari za mji huu zinatembea kuliko magari. Baada ya hapo simu za kazi zikakoma.

Lakini sikia kilichoniuma. Sefu alikuwa amezima namba yake. Sikujua yuko wapi, na moyoni bado nilikuwa namtafutia sababu. Nilisema labda hakujua. Labda na yeye ameshangaa kama mimi. Mpaka siku moja Zainabu akanipa simu yake. Sefu alikuwa amefungua ukurasa mpya wa picha. Kilwa, magofu asubuhi, mwanga wa dhahabu. Lindi, minazi na bahari. Halafu nyumba ya mawe, paa limeanguka, mlango wa nakshi umeegemea upande mmoja, na mti umeota sebuleni. Chini ameandika, "Mikindani. Hatimaye."

Nyumba ya mama yangu. Picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na ndani yake hakuna mtu.

Nililia, sikufichi. Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga. Sikulilia shingo. Nilikuwa nalilia kwamba alikwenda. Aliniwekea huu uzito kichwani, akachukua safari yangu, akaenda mpaka kwenye mlango aliotokea mama yangu, akapiga picha, na mkono haukumtetemeka.

Mama yake anaishi Kigamboni, na nilijua Sefu hawezi kukaa muda mrefu bila kumwona. Nikawa nakwenda Magogoni kila Ijumaa baada ya swala, nasimama pale watu wanapopanda pantoni ya kwenda Kigamboni. Mwisho nikamwona. Amenenepa, ana begi jipya, mkononi ameshika bahasha kubwa ya kaki. Aliponiona hakukimbia.

"Nilijua utakuja," akasema. "Simama hapo hapo, usisogee. Tuongee hivi hivi."

Akaniambia yote, watu wanatupita pande zote na baiskeli na ndoo za samaki. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameingia kwenye ile nyumba ya Kariakoo kuipiga picha. Wakati anatoka akakutana na mzee ameinama, ana kikapu kidogo mkononi, na nyuma yake mbeba mizigo, maana anayekwenda kupokea humwona kabla hajapokea. Sefu akafanya kama tulivyofundishwa wewe na mimi. Akasema, lete mzee wangu, nikupokee. Mzee akamwambia arudie. Akarudia.

"Uzito huu hapewi mtu kwa nguvu," Sefu akasema. "Nimejaribu. Nimeacha begi njiani, nimelitupa baharini, na bado uzito uko palepale. Ni mpaka mtu auombe mwenyewe, kwa mdomo wake, na wewe umpe kwa mikono yako. Chochote ulichobeba, hata nyanya. Mwaka mzima watu wananinyooshea mikono, nakataa. Mama yangu nimemkatalia. Zainabu nimemkatalia. Watoto wangu wananikimbilia mlangoni, baba tukupokee, nawapigia kelele mpaka wananiogopa. Nikasema siku moja nitasahau. Siku moja nitachoka, mmoja wao atachukua."

"Ukanichagua mimi."

"Wewe huna mtoto."

Alisema hivyo. Alijua tulivyohangaika mimi na Zainabu, hospitali tulizokwenda, alitusindikiza mara nyingine yeye mwenyewe. Akachukua jambo lililotuumiza kuliko yote akalifanya sababu.

"Na ulijua nitasema," nikamwambia.

"Nilijua. Mama yako alikulea vizuri."

Nikamwambia basi nipokee na wewe, kama kweli sisi ni ndugu. Akarudi nyuma, mikono akaificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. Akasema hatapokea tena kitu cha mtu yeyote mpaka anaingia kaburini. Halafu akakumbuka bahasha. Akanyoosha mkono mmoja, taratibu, kwa mbali.

"Nimekuchapishia ile ya Mikindani. Kubwa. Nilikuwa natafuta namna ya kukufikishia. Chukua."

Nilitaka ile picha, niamini. Ningeitundika ukutani pale dirisha letu linapotazama ukuta. Lakini mkono wangu haukwenda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu ameninyooshea kitu na mimi nimeacha mikono chini, nikamtazama mpaka mkono wake ukachoka. Akaingia kwenye pantoni na bahasha yake. Nyuma yangu sauti ya adabu ikauliza, bwana, tunatua wapi?

Wewe ungefanya nini? Tumesomewa visomo, tumeombewa mpaka na majirani zetu Wachaga wa ghorofa ya pili, waliokuja na mchungaji wao. Wote nawashukuru. Kila aliyekuja nilimwomba akae mbali na mikono yangu. Siku hizi sibebi kitu. Sinunui mkate, sinunui mboga, naagiza dukani wanapeleka wao. Natembea mikono mitupu, na mtaani wananiita mchoyo, mwanaume anayerudi kwake bila hata chungwa. Waache waniite.

Zainabu nilimweleza kila kitu. Ilikuwa kosa. Unajua alichofanya? Alisimama katikati ya sebule, akanyoosha mikono miwili. "Basi lete nikupokee mimi," akasema. "Ubebe wewe leo, nibebe mimi kesho. Kwani tumeoana kwa nini?" Nilikuwa nimeshika funguo tu, funguo za mlango. Nikazitupa chini mpaka zikaingia uvunguni. Tangu hapo anasema hivyo karibu kila jioni, na kila jioni naficha mikono. Nashukuru nina mke wa namna hiyo, na namwogopa kuliko ninavyomwogopa huyu aliye nyuma yangu.

Sasa Zainabu ana mimba. Baada ya miaka yote ile. Anavyotembea kwa kujishika kiuno, anavyocheka peke yake jikoni, ningekuwa mtu wa kawaida ningekuwa ninaruka. Badala yake nahesabu nilichoshika kila anaponisogelea. Na kuna mawazo yameanza kunijia nikiwa nimelala ubavu, maana chali siwezi tena. Nawafikiria watu ninaowafahamu, mmoja mmoja. Huyu ana watoto, huyu ana mama mgonjwa. Huyu yuko peke yake. Huyu amelelewa vizuri, huyu hawezi kumwona mtu na mzigo akakaa. Nikijikuta nimefika hapo nainuka nakwenda kunawa uso, lakini kesho yake nafika tena hapo, na kila siku nachelewa kidogo kuinuka.

Sefu namchukia. Sitamsamehe, wala usinishauri. Lakini mwaka mzima yule mtu aliruka nyuma kila aliponyooshewa mikono, na mimi sijatimiza hata mwaka.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, wewe unayenisoma, hasa kama tunafahamiana. Ukiniona nimekuja kwako nimeinama, nina begi, au mfuko, au hata kitabu mkononi, usisimame. Kaa hapo hapo ulipokaa. Nitakusalimia, nitakaa kimya, nitakuangalia nikisubiri useme neno ambalo mama yako alikufundisha kulisema. Usiliseme. Hata nikiwa nalia.